Mali Bila Daftari: Namna ya Kuorodhesha na Kupanga Vitabu vya Nyumbani



Nyumba nyingi za waamini katika parokia zetu zina vitabu vingi kuliko wenyewe wanavyodhani. Biblia iko sebuleni, Misale ya Waumini iko kwenye mkoba wa mama, Katekisimu ya Kanisa Katoliki iko juu ya kabati, vitabu vya watoto waliokwisha kumaliza shule viko ndani ya tranka chini ya kitanda, na riwaya mbili tatu zisizo na majalada zinazunguka kutoka chumba hadi chumba. Nyumbani kwa mseminari ongezeko ni kubwa zaidi, kwa sababu kila likizo huingia vitabu vingine. Ukiuliza nyumba hii ina vitabu vingapi, jibu huwa la kukisia. Ukiuliza vipi viko kwa watu, yanatajwa majina ya watu wanaoshukiwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuisikia methali hiyo dukani, au mhazini wa Jumuiya anaposoma mapato na matumizi. Lakini inavihusu vitabu pia, na uzito wake uko katika maneno mawili ya mwisho. Kitabu ambacho hakikuandikwa popote hupotea bila hata mtu kujua kwamba kilikuwepo. Katekista aliyefundisha miaka mingi akifariki, anaacha vitabu na madaftari ya mafundisho. Warithi hawajui ni vitu gani, ni vya nani, wala vina faida gani. Vinaingia kwenye kiroba, na baada ya muda karatasi zake zinaonekana sokoni zikifungia karanga. Warithi hao si watu wabaya. Hakukuwa na karatasi hata moja ya kuwaeleza walichokuwa wameshika mkononi.

Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba orodha ndiyo inayovigeuza vitabu vya mtu mmoja kuwa vitabu ambavyo wengine wanaweza kuvitumia, kuvirudisha na kuvirithi. Tutaanza na visa viwili vya kale, kisha tueleze hatua za kufuata.

1. Vitabu vya Aristotle na vitabu vya Mtakatifu Augustino

Mwanajiografia Strabo anasimulia yaliyovipata vitabu vya mwanafalsafa Aristotle. Vilirithiwa na mwanafunzi wake Theophrastus, naye akamwachia Neleus, aliyevipeleka Scepsis, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Warithi wa Neleus hawakuwa watu wa elimu. Walivifungia tu ndani. Waliposikia kwamba wafalme wa Pergamon wanatafuta vitabu kwa ajili ya maktaba yao, wakavificha shimoni, na huko vikaharibiwa na unyevu na wadudu. Baadaye viliuzwa kwa tajiri aitwaye Apellicon, ambaye alijaribu kujaza sehemu zilizoliwa na akakosea. Mwishowe Jenerali Sulla akavichukua kutoka Athens hadi Roma. Wataalamu wanajadiliana ni kwa kiasi gani nakala hizo zilikuwa za pekee, lakini somo lenyewe liko wazi: kufungia ndani si kutunza.

Kazi ya kuviweka sawa vitabu hivyo inahusishwa na Andronicus wa Rhodes, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Ndipo tunapokutana na neno ambalo kila mwanafunzi wa falsafa analijua: metafizikia. Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, neno hilo la Kigiriki lilimaanisha tu vitabu vinavyokuja baada ya vile vya fizikia. Yaani somo zito kuliko yote tunayosoma darasani lilipata jina kutokana na mahali pake katika mpangilio wa vitabu.

Kisa cha pili ni cha Afrika. Mtakatifu Augustino alifariki tarehe 28 Agosti 430 katika mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba nchini Algeria, wakati mji umezingirwa na Wavandali. Rafiki yake Askofu Possidius, aliyekuwa naye katika siku zile, ameandika kwamba Augustino hakuacha wosia, kwa kuwa kama maskini wa Mungu hakuwa na mali ya kugawa. Hata hivyo aliagiza mara kwa mara kwamba maktaba ya kanisa na vitabu vyake vitunzwe kwa uangalifu kwa ajili ya watakaokuja. Agizo hilo lilikuwa limetanguliwa na kazi. Miaka michache kabla ya kufa, katika kitabu chake Retractationes, Augustino alikuwa amepitia maandishi yake 93, moja baada ya jingine, akieleza aliandika nini na kwa sababu gani, na kusahihisha alipoona panahitaji. Possidius naye akatengeneza orodha ya vitabu, barua na mahubiri ya rafiki yake, jumla zaidi ya 1,000.

Tulinganishe visa hivi viwili. Warithi wa Scepsis walikuwa na amani na nafasi, lakini vitabu viliozea shimoni. Watu wa Hippo walikuwa vitani, lakini waliofuata walijua ni nini cha kutafuta, kwa sababu kilikuwa kimeandikwa.

2. Kupanga ni kazi moja, kuorodhesha ni nyingine

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Kupanga ni kuviweka vitabu mahali pake. Kuorodhesha ni kuandika habari zake. Tofauti hii ni ya msingi, kwa sababu kitabu ni kitu kimoja na hakiwezi kukaa mahali pawili, ilhali habari zake zinaweza kuandikwa mara nyingi tupendavyo.

Tuchukue kitabu cha John Mbiti cha mwaka 1969 kuhusu dini za Kiafrika na falsafa. Mambo yote mawili yametajwa kwenye jina lake. Je, kikae na vitabu vya dini au vya falsafa? Au riwaya ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Nagona, ya mwaka 1990: ni fasihi, lakini aliyeisoma anajua kwamba imejaa maswali ya falsafa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Au Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969: tuitafute chini ya jina la Shakespeare au la Nyerere? Kwenye rafu ni lazima kuchagua pahali pamoja. Kwenye orodha hakuna ulazima huo. Tunaandika kitabu chini ya kundi lake kuu, kisha kwenye kundi la pili tunaandika kwa kifupi: taz. namba fulani. Ugomvi unaishia hapo.

3. Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: kukusanya vyote pamoja. Vitolewe chumbani, kabatini, kwenye tranka na kwenye mikoba, viwekwe juu ya mkeka au meza kubwa. Vifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, na kila kimoja kifunguliwe kurasa chache kuona kama kuna wadudu.

Hatua ya pili: kutenga vya watu. Kabla ya kuandika namba hata moja, tutenge vitabu vyenye mhuri wa shule, wa parokia, au jina la mtu mwingine. Hivyo ni vya kurudisha, si vya kuorodhesha. Kurudisha mali ya mwenyewe ni sehemu ya haki, na kazi nzuri haianzi kwa kuhesabu vya wengine kuwa vyetu.

Hatua ya tatu: kuchagua makundi machache. Maktaba nyingi duniani hutumia mfumo wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaoigawa elimu yote katika makundi 10: falsafa iko kwenye 100, dini kwenye 200, lugha kwenye 400, fasihi kwenye 800. Ni mfumo mzuri kwa maktaba ya chuo. Nyumbani kwa Mkristo unaleta shida, kwa sababu huenda nusu ya vitabu ikaangukia kwenye 200 na makundi mengine yakabaki matupu. Makundi yafuate vitabu vilivyopo. Kwa nyumba nyingi, haya manane yanatosha:

BIB – Biblia na maelezo yake
LIT – Liturujia, sala na nyimbo
MAF – Mafundisho ya Kanisa: Katekisimu, nyaraka za Mapapa na Maaskofu
FAL – Falsafa na teolojia
WAT – Watakatifu na historia ya Kanisa
SHU – Vitabu vya shule
FAS – Fasihi na lugha: riwaya, tamthilia, mashairi, kamusi
MAI – Maisha: afya, kilimo, ufugaji, sheria, biashara

Kundi likibaki na kitabu kimoja tu, liunganishwe na jirani yake. Likifikia vitabu 50, ligawanywe.

Hatua ya nne: kutoa namba. Kila kitabu kipewe namba yake kwa mfululizo: 1, 2, 3 na kuendelea, bila kujali kundi. Namba iandikwe kwa penseli ukurasa wa ndani, pamoja na herufi za kundi, kwa mfano FAS 41. Tusitumie kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya karatasi. Tusitumie selotepu pia, kwa sababu gundi yake huacha doa la njano na kukausha karatasi. Namba ni ya kudumu. Kitabu kikipotea au kikitolewa zawadi, namba yake haipewi kitabu kingine. Kundi linaweza kubadilika, namba haibadiliki.

Hatua ya tano: kuandika orodha. Kaunta buku moja inatosha kwa miaka mingi. Mwenye kompyuta au simu anaweza kutumia jedwali, mradi awe na nakala ya pili mahali pengine. Tupige mistari ya safu hizi: namba, kundi, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji na mwaka, kimepatikanaje, hali yake, maelezo. Kitabu kimoja huchukua kama dakika 3, hivyo vitabu 100 ni kazi ya saa 5. Familia ikigawana kazi, mmoja akasoma na mwingine akaandika, zinaweza kupungua.

Safu tatu kati ya hizo zinahitaji maelezo.

Mwandishi. Tuchague utaratibu mmoja na tuufuate. Wengi huanza na jina la ukoo: Kezilahabi, Mbiti, Nyerere. Lakini watakatifu wa kale hawakuwa na majina ya ukoo. Akwino ni mahali, kwa hiyo Mtakatifu Thomasi wa Akwino anaandikwa kwenye T, na Augustino wa Hippo kwenye A.

Mwaka. Wengi huruka safu hii wakidhani ni mapambo. Namba 2267 ya Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inayohusu adhabu ya kifo, ilibadilishwa mwaka 2018. Mwenye nakala iliyochapishwa kabla ya hapo anasoma maneno ambayo si mafundisho ya sasa. Vivyo hivyo Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983: Kitabu cha VI, kinachohusu adhabu, kilifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021. Bila kuandika mwaka, hatuwezi kumwambia anayeazima kitabu kwamba aangalie pia nakala mpya. Vitabu vingi vya miaka ya karibuni vina pia namba ya kimataifa nyuma ya jalada, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007. Baada ya 978, tarakimu 9976 au 9987 zinaonyesha mchapishaji wa Tanzania, 9966 wa Kenya, na 9970 wa Uganda. Programu za simu zinaweza kuisoma namba hiyo na kuleta jina la kitabu. Vitabu vya zamani havina, na hivyo ndivyo vinavyohitaji zaidi mkono wa mtu.

Maelezo. Hapa ndipo penye hazina ya familia. Wazee wengi waliandika ndani ya majalada ya Biblia na vitabu vya sala: tarehe za kuzaliwa watoto, siku ya ubatizo, jina la parokia, jina la padre, siku ya msiba. Tuandike kwenye orodha: nyuma ya jalada kuna tarehe za ubatizo za watoto wanne. Maandishi hayo si cheti, lakini yana kazi. Kwa mujibu wa kanuni ya 535, kila parokia inapaswa kuwa na kitabu cha ubatizo. Kijana anayejiandaa kwa ndoa, ambaye wazazi wake wamefariki na waliwahi kuhama mikoa miwili mitatu, anaweza kusumbuka sana kwa sababu hajui alibatizwa wapi. Mstari mmoja wa penseli ndani ya kitabu cha bibi unaweza kumwonyesha parokia ya kwenda kuuliza. Kitabu hicho kikiuzwa kwa kilo, mstari huo umekwenda nacho.

4. Kuazimisha bila kugombana

Wapo wanaojisifu kwamba hawaazimishi vitabu. Sababu yao inaeleweka, lakini dawa yao ni kali kuliko ugonjwa. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alipoandika sheria zake tano za maktaba mwaka 1931, aliweka matumizi ya vitabu kuwa ya kwanza, kabla ya utunzaji. Kitabu kinachokaa salama miaka 20 bila kusomwa na mtu hakina tofauti kubwa na vile vya shimoni kule Scepsis.

Nyuma ya kaunta buku tutenge kurasa kumi za kuazimisha, zenye safu tano: namba ya kitabu, jina la aliyeazima, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, na sahihi anaporudisha. Anayeazima aandike mwenyewe kwa mkono wake. Mtu aliyeandika jina lake hukumbuka, na mwenye kitabu hana haja ya kumwendea kwa dhana. Ataweza kusema kwa utulivu: Mama, tuliandikiana kitabu namba 41 mwezi Machi, naomba kama umemaliza, kuna mwingine anakisubiri. Hapo hakuna aliyeitwa mwizi. Urafiki mwingi umepoa kwa sababu ya kitabu ambacho mmoja anaamini alikirudisha na mwingine anaamini hakukipata. Daftari linawalinda wote wawili.

5. Mahali pa kuweka

Rafu si lazima iwe ya fundi. Mbao tatu na matofali kadhaa zinatosha. Vitabu visikae chini sakafuni, wala visigusane na ukuta, kwa sababu mchwa na unyevu hupitia huko. Tuache nafasi ya vidole vinne nyuma ya rafu ili hewa ipite. Jua lisivipige moja kwa moja, maana hufifisha majalada na kukausha karatasi. Vitabu vya kawaida visimame wima bila kubanana. Vikubwa na vizito, kama kamusi na Biblia kubwa, vilazwe. Madaftari ya mafundisho, barua na vyeti viwekwe kwenye bahasha za kaki, kila bahasha na kichwa chake cha habari, kisha ndani ya sanduku lenye mfuniko.

Nyumba nyingi huweka majani makavu ya mwarobaini kati ya vitabu, na si vibaya. Lakini kinga kubwa ni kuvitembelea. Kitabu kinachoguswa mara kwa mara hakijengewi kichuguu.

Kwa ukaguzi wa mwaka tunapendekeza mwanzo wa Kwaresima. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 48, inaagiza kwamba mwanzoni mwa Kwaresima kila mmonaki apewe kitabu kutoka maktaba, akisome chote kwa mfululizo. Familia inaweza kufanya hivyo hivyo: siku moja ya kulinganisha orodha na rafu, kufuatilia vilivyoazimwa, na kila mtu kuchagua kitabu kimoja cha kusoma hadi Pasaka.

6. Lakini vitabu vyetu ni vichache

Huenda msomaji akasema: sisi tuna vitabu 30 tu, daftari la nini? Tunajibu kwamba vitabu 30 ndivyo vinavyofaa kuanza navyo, kwa sababu vinamalizika kwa alasiri moja. Atakayesubiri vifike 300 hataanza. Tena penye vichache, kupotea kwa kimoja kunaumiza zaidi.

Mwingine, hasa ndugu zetu waseminari, anaweza kuuliza kama kuhesabu vitabu hakupingani na roho ya ufukara. Swali ni zuri. Mtu anaweza kuandika orodha kama tajiri wa Injili anayehesabu ghala lake, akifurahia wingi. Lakini anaweza pia kuiandika kama wakili anayejua kwamba ataulizwa hesabu ya vitu visivyo vyake moja kwa moja. Mtakatifu Augustino hakuwa na mali ya kuandika kwenye wosia, lakini alijali sana vitabu. Tofauti inaonekana katika swali moja: orodha hii imeandikwa kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya mwenye vitabu peke yake, basi huenda hata haihitajiki, maana anavikumbuka. Inahitajika kwa ajili ya jirani anayetaka kuazima, mtoto anayetafuta kitabu cha kidato chake, na yule atakayefungua mlango siku mwenyewe hayupo.

Kwa hiyo orodha ikikamilika, nakala yake apewe mtu mwingine: mwenzi wa ndoa, mtoto mkubwa, au kwa mseminari, mzazi nyumbani. Mwishoni mwa daftari yaandikwe maagizo mafupi: hivi vibaki nyumbani, hivi vipelekwe parokiani, hivi apewe mtoto fulani. Jumamosi hii inatosha kwa rafu ya kwanza. Vinahitajika kitambaa kikavu, penseli iliyochongwa na kaunta buku, na mtu wa kusoma majina kwa sauti wakati mwingine anaandika.